Viti Vichache: Habari za Mchujo wa Wanafunzi katika Bukoba na Muleba

Msafiri ashikaye njia kuu itokayo mjini Bukoba kwenda kusini, akapita Kemondo na kuendelea mpaka Muleba, ilhali Ziwa Viktoria liko upande wake wa kushoto na migomba imeziba upande wake wa kulia, hawezi kukosa kuona ya kuwa karibu kila kilima kizuri kimekaliwa na kanisa au shule, na aghalabu na vyote viwili pamoja. Nchi hii ya Wahaya imejulikana tangu zamani kwa ndizi zake, kwa kahawa yake, na kwa ari ya wazazi wake katika kuwasomesha watoto. Na kwa jambo hili la mwisho wamesifiwa na kusengenywa kwa kadiri moja. Lakini sifa hiyo ina upande ambao haukuandikwa sana. Kwa kila mtoto aliyeitwa jina lake mbele ya watu akaingia darasani, walikuwako wengine wengi walioambiwa warudi nyumbani. Na sehemu kubwa ya hao waliorudi haikupungukiwa na akili hata kidogo, ila viti vilikuwa vimekwisha. Nataka kuzieleza habari za mchujo huo kwa taratibu yake, tangu siku za kikale cha wafalme mpaka usaili wa shule za binafsi wa siku zetu, kwa maana naamini ya kuwa watoto wa nchi hii wamebebeshwa kwa muda mrefu aibu ambayo kwa haki haikuwa yao.

Kabla ya kalamu na karatasi, Wahaya walikuwa na namna yao ya kuchagua vijana. Katika Kiziba, Kihanja, Ihangiro na falme nyingine ulikuwako utaratibu wa omuteko, yaani kundi la wavulana wa rika moja waliokusanywa kutoka vijijini wakapelekwa kikale, kwenye ua wa Mukama, yaani mfalme, ili wafundishwe adabu za ua, ngoma, matumizi ya silaha, na juu ya yote utii. Profesa Abel Ishumi, mtaalamu wa elimu aliyeandika kitabu juu ya ufalme wa Kiziba kilichotoka mwaka wa 1980, ni miongoni mwa waliouhifadhi ukumbusho wa malezi hayo. Wavulana waling'amuliwa kwa kutazamwa: nani mwepesi wa kuelewa, nani hodari, nani hutunza siri. Waliowapendeza wakubwa walibakizwa katika utumishi wa Mukama, na baadhi yao wakapanda hata kupata ukuu wa kuamuru vijiji. Waliosalia walirudi kwao.

Sisemi ya kuwa mambo hayo yalikuwa mema yote, kwa maana mwana wa mtu mkubwa alikuwa na njia fupi kuliko mwana wa mtu mdogo, na mabinti hawakuwa na sehemu yao humo. Hata hivyo iko tofauti moja ambayo msomaji aishike, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa yote yatakayofuata. Kijana aliyerudishwa kutoka kikale alirudi pamoja na rika lake, akakikuta kibanja cha baba yake, yaani shamba la migomba, kinamngoja, akaoa, akalima, akahesabiwa kuwa mtu kamili. Hakupewa karatasi iliyosema kuwa ameshindwa.

Karatasi ililetwa na mambo mengine. Mwaka wa 1892 Mapadri Weupe walifika kutoka upande wa Buganda wakafungua misheni ya Kashozi, kaskazini ya mji wa Bukoba. Na katika mwanzo wa karne ya 20 Askofu Yohane Yosefu Hirth aliianzisha seminari ya Rubya, huko Ihangiro, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Muleba. Rubya ndiyo mama wa shule zote za mchujo katika nchi hizi. Ilipofika mwaka wa 1904 vijana wa Rwanda nao walikuwa wameanza kuletwa huko kwa miguu, na kutokana nao wakapatikana mapadri wawili wa kwanza wa Rwanda, Donat Leberaho na Balthazar Gafuku, waliopewa daraja takatifu huko Kabgayi mwaka wa 1917. Hebu itafakari hesabu ya miaka: tangu kuja mpaka kupata daraja ilikuwa miaka kumi na mitatu ya Kilatini, sala, kazi za mikono na mitihani, na katika kila hatua ya safari hiyo walikuwako waliofunga vitu vyao na kuondoka.

Njia ya kuingia Rubya ilianzia mbali. Kijijini palikuwa na katekista na kibanda chake, na watoto wakikaa chini mbele yake kujifunza sala na herufi; kutoka hapo wachache walichukuliwa kwenda shule ya misheni; na kutoka shule ya misheni wachache zaidi walipelekwa mbele ya padri ambaye aliwahoji, akawapima kwa maandishi na hesabu, akaulizia tabia zao na ndoa ya wazazi wao, kisha akaandika barua. Barua hiyo ya padri wa parokia, pamoja na mtihani wa kuingia, imedumu kuwa mlango wa seminari ndogo za nchi hii mpaka leo. Mmoja wa waliopita katika mlango huo alikuwa Laurean Rugambwa, mzaliwa wa mwaka wa 1912, aliyebatizwa akiwa mtoto pamoja na wazazi wake, akasoma Rubya, akaendelea Katigondo katika Uganda, akawa padri mwaka wa 1943, askofu mwaka wa 1952, na mnamo mwezi wa Machi 1960 akateuliwa na Papa Yohane wa 23 kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika katika zama hizi. Fahari iliyoletwa na jambo hilo haiwezi kupimwa. Tangu siku ile kila mama wa Kamachumu na Rutabo aliyekuwa na mwana mwerevu aliona kwa macho yake mwisho wa njia ulivyo. Na fahari hiyo, pamoja na heri zake zote, iliongeza uzito juu ya mabega ya watoto ambao hawakuwa na nafasi ya kuifuata.

Zama za Waingereza ziliifanya ngazi kuwa ndefu zaidi na kuipa tarakimu. Wahaya wenyewe waliitaka shule kabla ya serikali kuwa tayari kuitoa. Chama cha Bukoba Bahaya Union, kilichoundwa mwaka wa 1924, kilikuwa na haja ya elimu katika madai yake ya kwanza. Katika miaka hiyo serikali ilifungua shule ya Tabora, iliyokusudiwa hasa wana wa machifu, na kwa muda mrefu kijana wa Bukoba aliyepanda juu kabisa alipaswa kuvuka nchi mpaka Unyamwezi. Hapa nyumbani palikuwa na Nyakato ya serikali na Ihungo ya Wakatoliki, na kwa upande wa Walutheri, ambao misheni yao ya Betheli ilifika Bukoba mwaka wa 1910, palikuwa na shule za Kigarama, Kashasha na nyinginezo. Kahawa ndiyo iliyolipa. Mbuni uliopandwa chini ya mgomba ulimpa mkulima fedha taslimu mara moja kwa mwaka, na fedha hiyo, baada ya kodi na bati la nyumba, ilikwenda shuleni.

Mitihani ilikuwa mingi. Mtoto alifanya wa Darasa la Nne, na wengi walikoma hapo, wakiwa na umri wa miaka kumi au kumi na mmoja. Aliyepita aliingia shule ya kati, darasa la tano mpaka la nane, na mwishoni akakutana na mtihani wa Darasa la Nane, uliokuwa wa nchi nzima. Aliyepita huo akaingia sekondari, akakuta wa Darasa la Kumi, na aliyesalia akakamilisha kwa mtihani wa Darasa la Kumi na Mbili, uliotungwa na kusahihishwa huko Cambridge. Katika kila daraja idadi ya watakaopita ilikuwa imekwisha kujulikana kabla watoto hawajashika kalamu, kwa sababu madawati ya daraja la juu yalikuwa yamekwisha kuhesabiwa. Hili ndilo jambo ambalo wazazi wetu hawakuambiwa waziwazi. Waliona orodha ya majina, na wakadhani kuwa orodha hiyo imesema habari za vichwa vya watoto wao, ilhali ilikuwa imesema habari za bajeti ya serikali na ya misheni. Kama watoto wote wa wilaya wangalipata alama tisini katika mia, bado sehemu kubwa yao wangalirudishwa nyumbani, ila kwamba mstari ungalipandishwa.

Sasa nafika Kashasha, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka.

Kashasha ilikuwa shule ya kati ya wasichana, ya bweni, chini ya misheni, yapata maili 25 kutoka mjini Bukoba, katika nchi ambayo sasa ni wilaya ya Muleba. Ilikuwa shule yenye heshima kubwa. Barbro Johansson, mwalimu kutoka Sweden aliyefika Tanganyika mwaka wa 1946, akawa baadaye raia na mbunge, aliwahi kuwa mwalimu mkuu wake. Wasichana 159 waliokuwamo mwanzoni mwa mwaka wa 1962 walikuwa na umri kati ya miaka 12 na 18, na kila mmoja wao alikuwa amekwisha kuvuka mtihani wa Darasa la Nne, jambo ambalo wasichana wengi wa rika lake hawakulipata. Mbele yao ulisimama mtihani wa Darasa la Nane, na nyuma ya mtihani huo sekondari za wasichana zilizohesabika kwa vidole katika Tanganyika nzima. Nchi ilikuwa imepata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na kila mahali watu walisema ya kuwa sasa wasomi ndio watakaoijenga.

Tarehe 30 Januari 1962, wiki saba tu baada ya bendera kupandishwa, wasichana watatu wa shule hiyo walianza kucheka, wasiweze kuacha. Kicheko kiligeuka kuwa kilio, na kilio kikarudi kuwa kicheko. Kilidumu dakika chache kwa mmoja na saa kadhaa kwa mwingine, kikapoa, kisha kikarudi tena, na kwa baadhi yao hali hiyo ya kuja na kwenda iliendelea hata siku kumi na sita. Walikuwa hawatulii, na waliposhikwa wazuiwe walipigana. Walipoulizwa waonalo, wako waliosema kuwa wanaogopa, kwamba kuna mtu anawafukuza. Mpaka tarehe 18 Machi wasichana 95 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Walimu, Wazungu wawili na Waafrika watatu, hawakuguswa hata mmoja.

Kufungwa kwa shule hakukumaliza jambo. Wasichana walirudi makwao, na siku chache baadaye kicheko kilionekana Nshamba, kijiji ambacho baadhi yao walitoka. Katika mwezi wa Aprili na Mei watu 217 wa huko walipatwa, wengi wao vijana. Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, wengine 57 wakapatwa, ikafungwa tena mwisho wa Juni. Katika mwezi huohuo shule ya kati ya wasichana ya Ramashenye, karibu na Bukoba, iliona wanafunzi 48 kati ya 154 wakipatwa na maradhi hayohayo, nayo ikafungwa. Watu waliyaita enwara yokusheka, na wengine wakayaita akajanja, wazimu. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walioandika habari zake mwaka uliofuata katika jarida la tiba la Afrika ya Kati, walipima damu, wakapima maji ya uti wa mgongo, wakachunguza chakula, wasione sumu wala mdudu. Hakufa mtu. Wao waliona ya kuwa ni hofu ya nafsi iliyoambukizana; na wataalamu wa baadaye walioyarudia maandishi yao, mmoja wao Christian Hempelmann, wameuelekeza mkono kwenye masumbuko ya shule: ukali wa bweni, matarajio ya wazazi na walimu, na mashaka ya siku zijazo katika nchi iliyokuwa inabadilika kwa ghafla.

Najua ya kuwa katika nchi za mbali habari hii husimuliwa kama kichekesho, nayo imepewa jina la maradhi ya kicheko cha Tanganyika, watu wakafurahi. Mimi siwezi kuisoma kwa furaha. Watoto wa kike wa miaka kumi na miwili, waliowekwa mbali na mama zao, waliojua kuwa ukoo mzima unawatazama na kuwa mlango wa mbele hauna upana wa kuwapitisha wote, hawakuwa na ruhusa ya kulalamika wala lugha ya kulalamikia, na miili yao ikasema badala yao. Wala si kwamba mtihani peke yake ndio sababu. Hakuna awezaye kuthibitisha hivyo, na wakazi wa Nshamba hawakuwa watahiniwa. Lakini moto ulianza bwenini, ukawashika wanafunzi ukawaacha walimu, ukafuata njia ya wasichana waliorudishwa kwao. Katika historia yote ya elimu ya Kagera sijui ushahidi mwingine ulio mzito kama huo kuhusu yale ambayo mtoto hubeba pasipo kuyasema, na nasikitika kwamba hautajwi katika mikutano ya wazazi na walimu ya wilaya ambamo ulitokea.

Serikali mpya ililiona tatizo la ngazi, na haki isemwe. Ubaguzi wa rangi katika shule ulikomeshwa mwaka wa 1962, ada za sekondari za umma zikaondolewa mwaka wa 1964, na mtihani wa Darasa la Nne ukaacha hatimaye kuwa ukuta wa kuwatoa watoto shuleni. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya Machi 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea, alieleza wazi kuwa asilimia 13 hivi tu ya wanaomaliza shule ya msingi ndio watakaopata nafasi ya sekondari, na kwamba haifai kuwafundisha wote kana kwamba wote watakwenda huko. Miaka miwili baadaye sheria ya 1969 iliziweka shule za misheni chini ya serikali. Ihungo na wenzake zikawa za umma, ila seminari, kwa kuwa kazi yake ni kulea mapadri, zilibaki mikononi mwa Kanisa. Ndiyo sababu Rubya iliendelea kuwa na mtihani wake yenyewe wakati shule za umma zilipokuwa zinapokea wanafunzi kwa orodha moja kutoka wizarani.

Orodha hiyo ndiyo iliyoleta jeraha la pili. Katika miaka ya sabini nafasi za kidato cha kwanza zilianza kugawanywa kwa mafungu ya mikoa, utaratibu ambao watu wameuita kota, ili mikoa iliyoachwa nyuma na wakoloni ipate sehemu yake. Nia ilikuwa njema, na nchi iliyotaka kuwa moja haikuweza kukubali kuwa wasomi wake wote watoke Kilimanjaro na Ziwa Magharibi, mkoa ambao tangu mwaka wa 1979 unaitwa Kagera. Naiunga mkono nia hiyo hata leo. Lakini haki kati ya mikoa ilipatikana kwa kumdai mtoto mmoja mmoja. Msichana wa Muleba aliyefanya mtihani wa Darasa la Saba, uliokuwa umechukua mahali pa ule wa Darasa la Nane, akapata alama ambazo kwingine zingalimfungulia mlango, aliambiwa kuwa hakuchaguliwa, na aliyemwambia hakufafanua kuwa amekosa kwa ajili ya kugawana. Kwake na kwa jirani zake neno lilikuwa moja tu: amefeli. Neno hilo lilimfuata kisimani, sokoni na kanisani.

Wazazi wa Kihaya hawakukaa kitako. Hapo ndipo ulipo mwanzo wa kweli wa shule za binafsi katika Bukoba na Muleba kama tunavyozijua. Majimbo ya Katoliki, Dayosisi ya Kilutheri, Jumuiya ya Wazazi, vyama vya maendeleo vya wenyeji waliokuwa Dar es Salaam, na baadaye matajiri wa kwetu, walijenga sekondari moja baada ya nyingine. Na wale ambao hawakungoja walivusha watoto wao mpaka wa Mutukula kwenda kusoma Uganda. Yote haya yalifanyika katika miaka migumu kupita kiasi. Vita vya 1978 na 1979 vilikuwa vimepita juu ya Kyaka na Missenyi, na mwaka wa 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu huu. Baada ya hapo palikuwa na nyumba nyingi ambamo mlezi alikuwa bibi peke yake, na kahawa ya shamba moja ilipaswa kuwalipia wajukuu wa watoto watatu marehemu. Bibi wa namna hiyo alipomtuma mjukuu kufanya mtihani wa kuingia shule ya binafsi, mchujo ulikuwa wa aina mbili: wa akili asubuhi, na wa fedha jioni.

Usaili huo hufanyika hasa kati ya mwezi wa Septemba na Desemba, baada ya mtihani wa taifa wa Darasa la Saba. Tangazo hubandikwa stendi na kusomwa redioni na kanisani. Mzazi hununua fomu. Siku ikifika watoto huja na kalamu mbili, penseli, rula na kifutio, wengine wakiwa wameondoka kwao kabla ya alfajiri kutoka Nshamba au Kimwani. Wazazi hukaa nje chini ya mti. Karatasi zenyewe aghalabu ni za Hisabati na Kiingereza, pengine na maarifa ya jumla. Na hapa nataka kulionyesha jambo moja kwa karibu, kwa sababu ni dogo na lina madhara makubwa. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amejifunza kwa Kiswahili ya kuwa eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Ameifanya hesabu hiyo mara nyingi, na ukimwamsha usiku atakujibu. Katika karatasi ya usaili anakuta pembetatu imechorwa, vipimo vimeandikwa, na juu yake maneno ya Kiingereza ambayo hakupata kuyaona. Tarakimu anazijua, umbo analijua, swali halijui. Anazidisha namba zote mbili akaacha nusu, au anazijumlisha, au anaacha wazi. Aliyekaa kando yake, aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu chekechea kwa ada ambayo mzazi wa kwanza hawezi hata kuitaja, anaandika jibu na kupindua ukurasa. Msahihishaji anaona alama moja na sifuri moja, na mbele ya sifuri hiyo hakuna palipoandikwa kuwa mtoto huyu hesabu anaijua.

Kwa ajili ya kujikinga na sifuri hiyo yamezuka mambo mengi: tuisheni za jioni, mitihani ya ujirani mwema baina ya shule na shule, mitihani ya moko, kambi za Darasa la Saba ambamo watoto hulala shuleni miezi kadhaa, na wakati wa senene, wale panzi ambao sisi wakubwa tulipokuwa watoto tulikimbia mitaani usiku kuwakamata chini ya taa, watoto wengi wa mjini Bukoba sasa wako mezani wanarudia maswali ya miaka iliyopita. Walimu wa shule hizi, niliowaona mimi, si wakatili. Wengi wao hulala baada ya wanafunzi na kuamka kabla yao. Wanasukumwa na jambo ambalo lina nguvu kuliko wao, yaani orodha ya shule bora.

Orodha hiyo ilitangazwa kila mwaka na Baraza la Mitihani, chombo kilichoundwa kwa sheria ya 1973 baada ya Tanzania kujitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki. Kagera ilipanda juu kabisa. Katika matokeo ya Darasa la Saba ya mwaka wa 2017 nafasi ya kwanza ilichukuliwa na St. Peter's na ya pili na St. Severine, zote za mkoa huu. Na katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka wa 2021 Kemebos ya Kagera iliongoza nchi. Mabango yaliandikwa, mbuzi wakachinjwa, na mwaka uliofuata foleni ya fomu ikawa ndefu maradufu. Lakini shule inayotaka kukaa juu ya orodha ina njia mbili: kufundisha vizuri, na kutompokea, au kumwondoa kabla ya mtihani wa taifa, mtoto ambaye atashusha wastani. Njia ya kwanza inatumika, na juhudi yake ni ya kweli. Ya pili nayo imetumika nchini, hata wizara ikapiga marufuku kumkaririsha au kumhamisha mtoto kwa sababu tu hakufikia wastani wa shule. Buni huchambuliwa ili nzuri iuzwe kwa bei yake na mbovu itupwe; mtoto hana hali ya kutupwa, na shule ikimwondoa ataangukia shule nyingine, wilaya ileile, akiwa na moyo uliovunjika. Mwezi wa Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza orodha za shule na wanafunzi bora, na mimi niliona kuwa ni uamuzi wa hekima, ijapokuwa wamiliki wengi hawakuupenda.

Pamoja na hayo viti vimeongezeka kuliko wakati wowote. Sekondari za kata zilijengwa kwa wingi tangu mwaka wa 2006, na mwaka wa 2016 ada, ambazo katikati zilikuwa zimerudishwa, zikaondolewa tena mpaka kidato cha nne. Mwaka huohuo, tarehe 10 Septemba, tetemeko la ardhi liliupiga mkoa, likabomoa nyumba za watu na kuharibu vibaya Ihungo na Nyakato, shule mbili ambazo babu zetu waliziona kama miguu ya mbingu, nazo zikajengwa upya. Sera ya elimu iliyozinduliwa Dodoma tarehe 31 Januari 2025 imeweka miaka kumi ya elimu ya lazima, sita ya msingi na minne ya sekondari, na kwa utaratibu huo mtoto atavuka kutoka msingi kwenda sekondari pasipo mchujo wa taifa uliowatisha wazazi wake na babu zake. Ningalitamani wasichana wa Kashasha ya 1962, ambao walio hai sasa ni mabibi, walione hilo.

Ila uchache haukuondoka, umehama. Zamani kilichokuwa kichache ni dawati lolote. Siku hizi kilicho kichache ni dawati katika shule yenye jina, yenye maabara, yenye mwalimu wa Fizikia na bweni lenye maji. Kwa hiyo karatasi ya usaili imeteremka umri. Ziko shule za msingi za Kiingereza ambazo humpima mtoto kabla hajaingia Darasa la Kwanza: husomeshwa maneno, huhesabishwa, huulizwa jina la baba yake na rangi ya kitabu kilicho mezani, akiwa na miaka mitano au sita, amevalishwa viatu vipya, na mama yake yuko nje ya mlango anasikiliza kama mwanawe anajibu.